Nywele Zilizong'aa Makaburini

Manol alipobisha mlango wa nyuma wa kinyozi, Dobrinka aliziona nywele zake kabla hajauona uso. Zilikuwa zimelowa, zimesimama huku na huko kama miiba ya kalunguyeye aliyenyeshewa, na shingo yake ilikuwa nyekundu kwa kusuguliwa. Hakuhitaji kuuliza. Alikuwa ameziosha kwa maji ya majivu, tena kwa hasira, ili aitoe nta yote. Lakini nta haikutoka yote. Mtu anayenunua nta ya nywele ya bei nafuu hujifunza jambo hilo mapema: huingia kwa subira na hutoka kwa subira.

"Ingia, Manol. Utapata mafua."

"Nitasimama hapa hapa."

Akasimama kizingitini, kofia mkononi. Dobrinka akasimama upande wa ndani, mikono ameificha chini ya aproni. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakionana tangu vuli ya mwaka uliopita, Manol nje na yeye ndani, na kizingiti katikati kama shahidi.

Dobrinka aliishi kwa mjomba wake Stoil, kinyozi wa mji ule mdogo chini ya milima ya Balkan. Katika chumba cha nyuma alipika nta ya nywele: nta ya nyuki, mafuta ya mbono, na maua makavu ya waridi aliyoyaloweka katika mafuta hayo mpaka yakaacha harufu yake. Aliimimina katika makopo matupu ya rangi ya viatu, akayauza kwa leva tatu kwa wachukuzi wa stesheni na vijana wa mashambani, watu ambao pomedi ya dukani kwa mfamasia waliitazama kupitia kioo tu.

Manol ndiye aliyemletea nta ya nyuki. Mizinga yake ilikuwa katika ua wa mama mkwe wake, Kera, kwa sababu Manol hakuoa kama wengi wanavyooa, kwa kumpeleka mke kwao. Kera alikuwa mjane mwenye binti mmoja tu, Yanka, na Manol aliingia yeye katika nyumba ile kama mkwe wa ndani. Wanaume walimtania wasichoke. Walimwita bibi harusi mwenye sharubu. Yeye alicheka nao, kwa kuwa alimpenda Yanka, na Kera alikuwa mama wa kwanza kumpata maishani mwake. Kisha Yanka akafa kwa homa ya mapafu, akamwacha binti mdogo, Neda, na nyumba ikabaki na watu watatu wasiojua watazamane vipi.

Tangu msiba ule Manol hakupaka kitu kichwani. Arobaini ilipopita alinyoa ndevu, lakini nywele aliziacha zikae zinavyotaka. Mwaka ukapita, ukapita na nusu. Alipokuja kwa Dobrinka walianza kwa kuzungumza habari za nta, kama ni safi au ina uchafu wa mzinga. Kisha wakazungumza habari za asali. Kisha kikohozi cha Neda. Mwishowe hawakuzungumza habari ya kitu chochote, walisimama tu, kila mmoja akisikiliza kimya cha mwenzake. Mwaka mpya ulipoingia alimwomba awe mke wake. Dobrinka, ambaye majirani walikuwa wamekwisha kumweka katika kundi la wanawake waliobaki bila kuolewa, alikubali kwa sharti moja. Alitaka baraka ya Kera. Alimwambia kwamba hawezi kujenga furaha yake juu ya kilio cha mama wa mtu.

Baraka hiyo walitarajia kuiomba leo, Jumapili ya Msamaha. Siku hii, kabla Kwaresima haijaanza, kila mdogo humwendea mkubwa wake, humbusu mkono na kumwambia nisamehe, na mkubwa hujibu, Mungu akusamehe. Hakuna mkubwa anayekataa. Hata ndugu waliopigania mpaka wa shamba huambiana maneno hayo, ndipo mfungo uingie katika nyumba safi.

"Mama hakunijibu," alisema Manol.

Alieleza kwa kukatakata. Walipotoka kanisani alipiga magoti mbele ya Kera, akambusu mkono, akasema neno lile. Kera alilitazama jiko. Halafu, akisema na jiko wala si na yeye, alisema kwamba mwenye mfuko wake na auchukue wakati wowote apendao, lakini mtoto atabaki.

Dobrinka alijua sababu. Mji mzima uliijua. Wiki iliyotangulia ilikuwa Jumamosi ya Wafu, ambapo watu huenda makaburini na ngano iliyochemshwa na divai, na kugawiana kwa ajili ya roho za marehemu wao. Manol alifika kwenye kaburi la Yanka, na nywele zake zilikuwa zinang'aa. Hazikuwa zimelainishwa tu. Ziling'aa kama sahani ya gramafoni, kama za bwana harusi anayesubiri zumari. Wanawake waliacha kugawa ngano. Kera alimtazama, akaliweka bakuli lake chini kaburini, akarudi nyumbani peke yake. Na kama vile hiyo haikutosha, asubuhi ya leo padri alisoma Injili ya siku, isemayo kwamba afungaye asikunje uso bali ajipake mafuta kichwani, na upande wote wa wanawake ukageuka kumtazama Manol, kisha ukageuka kumtazama Kera.

"Kwa hiyo nimekuja kukuaga, Dobrinka."

"Unaniaga kwa ajili ya nywele?"

"Kwa ajili ya Neda. Na kwa ajili ya mama. Nikiondoka, mtoto anapoteza bibi au anapoteza baba. Nikibaki, ninakupoteza wewe tu."

"Tu," alisema Dobrinka.

"Sikumaanisha hivyo."

"Najua ulivyomaanisha."

Alimtazama. Alikuwa na macho ya kahawia yenye uchovu, na maji yalikuwa yakimtiririka kutoka nyweleni hadi kwenye kola, na Dobrinka alitamani kitu kidogo sana, kuchukua taulo na kumfuta. Hata hilo hakuwa na haki nalo. Alimwuliza kama alimweleza Kera kwa nini alijipaka siku ile. Manol alitikisa kichwa. Alisema kila akifungua kinywa humwona Yanka ndani ya macho ya mama yake, na maneno humrudi tumboni.

Dobrinka alivua aproni. Katika moyo wake alisema, Bwana, maneno sina, nipe miguu tu. Akajifunga kitambaa kichwani, akatia kopo na kitana mfukoni.

"Twende."

"Wapi?"

"Kwa mama yako. Wewe utakaa uani mpaka nikuite."

Alitangulia, naye akamfuata kwa mbali kidogo, kama inavyofaa watu wasiooana. Mlimani vijana walikuwa wakirundika kuni za moto unaowashwa jioni ya siku hii, na kila nyumba waliyoipita ilinukia siagi na jibini, kwa maana kesho vyote hivyo vingekuwa haramu mpaka Pasaka.

Mlango wa Kera ulikuwa wazi. Ndani, uzi mwekundu ulining'inia kutoka kwenye boriti, na mwishoni mwake kipande cheupe cha halua. Ni mchezo wa baada ya chakula cha jioni, kila mtu kuidaka halua kwa meno bila kutumia mikono, lakini Neda alikuwa amekwisha kuanza mazoezi. Aliacha kuruka alipomwona mgeni. Akamsogelea, akanusa kitambaa chake.

"Bibi," alisema, "huyu ndiye harufu ya baba."

Kera alikuwa akitandaza unga uliokandwa wa banitsa, andazi la jibini, mezani, mwembamba kama karatasi. Mgongo wake ulikuwa mnyoofu, na nguo zake zilikuwa nyeusi kuanzia kitambaa hadi soksi. Hakugeuka. Alimwambia mjukuu wake aende uani kwa baba yake. Mtoto alipotoka, alisema:

"Wewe ndiye mpika rangi ya viatu."

"Ndiyo, mama. Makopo ni ya rangi ya viatu. Kilichomo ni nta ya nyuki wa ua wako."

Mti wa kusukumia unga ulisimama, kisha ukaendelea.

"Umekuja kuomba msamaha au kuomba mume?"

"Vyote viwili. Lakini kama nitapewa kimoja, naomba msamaha."

"Wewe hujanikosea. Hata hatujuani."

"Nimekukosea. Nilimpa nta bila kumfundisha vizuri namna ya kuipaka. Uliyoyaona makaburini ni kosa la mkono wangu."

Kera alicheka kicheko kikavu. "Kumbe. Kwa hiyo angeipaka vizuri, mimi nisingeumia?"

"Ungeumia, mama. Lakini usingemwona bwana harusi. Ungemwona mume wa binti yako."

Sasa Kera aligeuka. Uso wake haukuwa na hasira kama Dobrinka alivyoogopa. Ulikuwa uso wa mtu asiyelala.

"Unajua nilisema nini moyoni? Nilisema, mwanangu hajaoza bado, huyu amekwisha kung'aa. Mungu anisamehe. Nilisema hivyo mbele ya msalaba wake."

  Dobrinka akasimulia, polepole, kwa kuwa ilikuwa ni haki ya Kera kuyasikia yote. Ijumaa ile, siku moja kabla ya makaburi, Manol alikuja dukani akaomba kopo. Yeye, Dobrinka, alishangaa, maana alimjua kama mtu asiyejipaka. Manol alisema kesho yake anakwenda kumuaga Yanka. Alisema Yanka hakupenda kumwona amevurugika, na kwamba hawezi kusimama mbele yake kumwambia jambo zito kama hilo akiwa na kichwa cha kalunguyeye. Kisha akaona haya, akauliza nta hii hupakwaje.

"Mwanamume mzima hajui kupaka nywele," alisema Kera, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hakujua, mama. Nilimwambia achukue kiasi cha punje ya dengu. Sikuweza kumshika kichwa, sina ruhusa hiyo, nilimwonyesha kwa viganja vyangu tu. Naye alipofika nyumbani nadhani aliona nta ni ngumu, akaweka kopo jikoni ikayeyuka, akajimiminia. Si mng'ao wa furaha ule. Ni mng'ao wa mtu asiyekuwa na wa kumsaidia."

Kera aliketi. Alikaa kwenye kigoda kilichokuwa karibu na dirisha, na kwa muda alitazama mikono yake yenye unga.

"Yanka ndiye aliyekuwa akimchana," alisema. "Kila Jumapili, kwenye kigoda hiki. Manol hajawahi kushika kitana maisha yake yote, alikuwa kama mtoto. Akitikisika, Yanka humgonga kichwani. Nilikuwa nikiwasikia nikiwa jikoni, nikisema moyoni, hawa wawili watachelewa kanisani tena." Akapapasa ukingo wa kigoda. "Nilidhani amemsahau. Kumbe alikwenda kumwonyesha amejichana mwenyewe."

Nje Neda alikuwa akimwuliza baba yake kama nyuki nao hufunga Kwaresima. Jibu halikusikika.

"Mwite," alisema Kera.

Manol aliingia amevua kofia, mtoto akiwa nyuma ya mguu wake. Alipiga magoti sakafuni kama alivyofanya mchana, akauchukua mkono wa Kera na unga wake, akaubusu. "Nisamehe, mama."

 Kera alisimama, akakisukuma kigoda kwa mguu.

"Kaa hapo." Kisha akamgeukia Dobrinka. "Mchane."

Dobrinka alidhani hakusikia vizuri.

"Umesema kosa ni la mkono wako. Basi nataka niuone mkono wenyewe. Mchane."

Dobrinka alitoa kopo. Vidole vyake vilikuwa baridi na kifuniko kilimshinda mara ya kwanza. Alikwangua nta kwa ukucha wa kidole gumba, punje moja ya dengu, si zaidi. Nta ya bei nafuu haina haraka. Ukiipeleka kichwani ilivyo, hushikamana mafungu mafungu kama ugali ulioharibika. Aliisugua kati ya viganja mpaka ikapotea, ikabaki joto na harufu ya waridi. Halafu akaweka mikono yake kichwani pa Manol.

Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa. Alikuwa amefikiri juu ya wakati huo usiku mwingi, na hakuna hata mara moja alipouona ukija namna hii, mbele ya mama wa mke wake, katikati ya unga na jibini. Manol alifumba macho. Masikio yake yaligeuka mekundu. Dobrinka alianza kisogoni, ambako wengi humalizia, akivuta vidole kuelekea juu ili nta ifike kwenye mashina, kisha pembeni, na mbele akagusa mwisho kabisa kwa kile kidogo kilichosalia. Akachovya kitana katika maji ya uvuguvugu, akapasua njia upande wa kushoto.

Kera hakuzitazama nywele. Aliitazama mikono.

"Una mkono mwepesi," alisema baadaye. "Wake ulikuwa mzito. Alikuwa akimvuta mpaka machozi yamtoke."

"Yalinitoka kweli," alisema Manol, macho bado amefumba.

"Nyamaza wewe, unachanwa."

Mahali pamoja palikataa. Utosini, ambako nywele huzunguka kama maji ya kisima yakimwagwa, kifungu kimoja kilisimama. Dobrinka alikilaza, kikasimama. Akakilaza tena, kikasimama tena. 

Kera alisogea karibu naye. "Kitana hakifai hapo. Weka kiganja, ubonyeze, usiondoe mpaka umalize Baba Yetu moja, kimya kimya. Yanka ndivyo alivyofanya."

Dobrinka akaweka kiganja. Akasali. Hakuharakisha, hakuna neno aliloliruka, na alipofika mahali pale pa kusamehe na kusamehewa, aliinua macho akaiona midomo ya Kera ikicheza pia, neno kwa neno, na machozi yakishuka bila sauti mpaka kidevuni. Walimaliza pamoja. Dobrinka akaondoa mkono.

Nywele zilibaki zimelala. Hazikung'aa. Zilionekana tu kama nywele za mtu anayetunzwa.

"Mungu akusamehe, Manol," alisema Kera. "Nami nimekusamehe. Na wewe, binti, Mungu akusamehe, ingawa kosa lako silioni." Alifuta uso kwa kiwiko, akajipaka unga shavuni. "Basi. Baada ya Pasaka mtafunga ndoa. Mtoto mtamchukua, sitamzuia. Ila mniletee Jumapili."

Alisema hivyo kama mtu anayepanga siku ya kufua. Lakini Dobrinka aliuona mkono wake ukishika ukingo wa meza, na ndipo alipoelewa kwamba hasira ile ya wiki nzima haikuwa ya nywele wala ya makaburi. Mwanamke huyu alikuwa ameuona mng'ao ule akasikia nyumba yake ikifungwa milango mmoja baada ya mwingine.

Alimtazama Manol. Manol alimtazama yeye. Hawakuwa wamewahi kulizungumza jambo hilo, na hawakuhitaji.

"Kwa mjomba wangu kuna chumba kimoja tu," alisema Dobrinka. "Hapa kuna nyuki. Kama utatupokea, mama, tutakaa hapa."

Kera alimkodolea macho. "Umerukwa na akili? Watu watasema nini? Watasema Kera amemwozesha mkwe wake, na kumwingizia mke mwingine nyumbani kwa binti yake."

"Watasema leo. Kesho wanaanza mfungo, watachoka mapema."

"Na mimi," alisema Manol kutoka kwenye kigoda, "wamekwisha kuniita bibi harusi mwenye sharubu. Hakuna jina baya lililobaki."

Kitu kilitikisika mdomoni mwa Kera, kikakaribia kuwa tabasamu, akakimeza.  Kisha akatembea hadi ukutani, juu ya kitanda, ambako picha ya Yanka ilitundikwa ikiwa imezungushiwa kitambaa cheusi. Alivuta kiti, akapanda kwa shida, akanyoosha mikono yote miwili kuishusha.

"Iache hapo, mama," alisema Dobrinka.

Kera aligeuka akiwa bado juu ya kiti. "Utaweza? Kila siku?"

"Sijui. Zipo siku nitashindwa. Lakini yako mengi nitakayohitaji kumwuliza."

 Neda aliacha kuivizia halua. Manol alikwenda akampa Kera mkono, naye akashuka, akashikilia mkono ule kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Akarudi mezani. Akakunja unga, akatia jibini, akaipeleka banitsa motoni, na mpaka ilipoiva, nje kulikuwa kumeanza kuwa na giza na moto wa kwanza ulikuwa umewashwa mlimani. Akakata vipande, cha mtoto kwanza, kisha akaweka sahani nne. Dobrinka alisimama karibu na mlango, asijue ajiweke wapi katika meza ambayo kila mtu alikuwa na mahali pake.

"Njoo ukae upande huu," alisema Kera bila kuinua macho. "Hapo unapigwa na upepo wa mlangoni."